Benki ya damu ya kitovu: maswali kabla ya kuianzisha

Damu ya kitovu ina kazi gani?
Ni damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma mtoto akishazaliwa. Mara nyingi hutupwa, ilhali imejaa seli shina zinazozalisha damu, kama zile za uboho. Mwaka 1988, jijini Paris, mtoto mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho, alipandikizwa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa aina hiyo. Leo hutumika kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu, selimundu na uboho ulioshindwa kufanya kazi.

Kwa nini isitafutwe uboho wa mtu mzima?
Hutafutwa kwanza. Lakini mchangiaji huyo lazima afanane na mgonjwa karibu kabisa kwa alama za HLA, yaani alama za juu ya seli ambazo kinga ya mwili hutumia kutofautisha seli zake na za mtu mwingine, na kumpata huchukua muda. Damu ya kitovu imeshapimwa, iko kwenye naitrojeni ya kimiminika, na huvumilia tofauti kidogo: alama 4 kati ya 6 zikilingana, madaktari wanaweza kuikubali.

Basi benki ihifadhi mifuko mingapi?
Wapangaji wengi huanzia hapa, nami naona wanaanzia pabaya. Swali la kwanza ni seli ngapi zimo ndani ya kila mfuko. Kipimo kinachotumika sana ni angalau seli milioni 25 zenye kiini kwa kila kilo ya mgonjwa. Mtoto wa kilo 20 anahitaji milioni 500. Mtu mzima wa kilo 70 anahitaji bilioni 1.75, na mifuko mingi haifiki huko. Ndiyo maana wakubwa wakati mwingine hupewa mifuko miwili kwa pamoja, na benki makini hukataa sehemu kubwa ya damu inayoletewa. Gharama ya kukataa iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

La pili ni asili ya wachangiaji. Alama za HLA hurithiwa, kwa hiyo benki iliyojaza majokofu kutoka jamii moja itawafaa zaidi wagonjwa wa jamii hiyo. Kuchagua hospitali za kukusanyia ni uamuzi wa kitabibu, si wa usafiri tu.

Mkunga akate kitovu mapema ili damu iwe nyingi?
Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau dakika 1, kwa faida ya mtoto. Kinachobaki ndicho cha benki.

Niweke ya mwanangu kwenye benki ya kulipia?
Kama ndugu yake tayari ana ugonjwa unaotibika kwa upandikizaji, zungumza na daktari. Vinginevyo uwezekano wa kuitumia ni mdogo sana, na mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi hawezi kutibiwa kwa damu yake mwenyewe, kwa kuwa ina kasoro ileile.

Ina udhaifu gani?
Huchelewa kushika, yaani kuanza kuzalisha damu mwilini mwa mgonjwa. Seli nyeupe huweza kuchukua wiki 3 hadi 4 kurudi, na maambukizi hupenya humo. Seli zilizopandikizwa zikipungua, huwezi kumrudia mchangiaji kuomba nyingine. Isitoshe, siku hizi mzazi au ndugu anayelingana na mgonjwa kwa nusu tu ya alama za HLA anaweza kuchangia, jambo lililopunguza mahitaji ya damu ya kitovu. Mpango usiopiga hesabu hiyo utajenga ghala lisilo na wateja.

Mama anayetaka kuchangia afanyeje?
Aulize mapema kliniki iwapo hospitali atakayojifungulia inashirikiana na benki ya umma. Atatia saini ridhaa kabla ya uchungu, ataulizwa magonjwa ya ukoo, na damu yake itapimwa Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.