Kwa nini China haiimezi Korea Kaskazini: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukisimama Dandong, mji wa China ulio ukingoni mwa Mto Yalu, unaona madaraja mawili yamelala sambamba. Moja linapitisha treni na malori kwenda Sinuiju, upande wa Korea Kaskazini. La pili limekatikia katikati ya maji. Ndege za Marekani zililipiga mabomu mwaka 1950, na halikuunganishwa tena. Wachina wameihifadhi nusu yao, na watalii hutembea hadi mwisho wa vyuma vilivyopinda wakachungulia ng'ambo. Kila nikisikia mtu anauliza kwa nini China, yenye watu bilioni 1.4, isijichukulie tu nchi hii ya watu milioni 26 iliyojifungia mlangoni pake, ni daraja hilo linalonijia. Swali ni la haki kabisa. Shida iko kwenye majibu tunayopeana.

"Pyongyang ni kibaraka wa Beijing. Mtu atateka vipi kilicho chake?"

Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya nje ya Korea Kaskazini hufanyika na China. Lakini kula kwa mtu ni jambo moja, na kumtii ni jambo lingine.

Tazama yaliyotokea mwaka 1956. China ilikuwa na kila sababu ya kumhesabu Kim Il-sung, mwasisi wa Korea Kaskazini, kuwa mtu wake. Alisoma Jilin, ndani ya China, alizungumza Kichina, na huko Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, alipigana na Wajapani ndani ya jeshi la msituni lililoongozwa na wakomunisti wa China. Tena China ilikuwa imetoka kumwokoa katika Vita vya Korea miaka michache tu nyuma. Agosti mwaka huo, baadhi ya viongozi wenzake, wakiwemo waliowahi kuishi na kina Mao Zedong, kiongozi wa China, kule Yan'an, ngome ya zamani ya wakomunisti wa China, walisimama kwenye kikao cha kamati kuu ya chama wakamkosoa kwa kujikweza. Akawafukuza. Beijing na Moscow zikatuma vigogo wawili, Peng Dehuai na Anastas Mikoyan, waende kumbana awarudishe. Mbele yao alikubali. Walipoondoka, akaanza kuwafagia mmoja mmoja, na ndani ya miaka michache kundi lile lilikuwa limekwisha.

Kumbuka kwamba wakati huo majeshi ya China yalikuwa bado ndani ya nchi yake. Askari wa mwisho waliondoka mwaka 1958. Kama China ilishindwa kumwamrisha Kim ikiwa na maelfu kwa maelfu ya askari uani kwake, wanaosema leo inaamrisha kwa simu wanapaswa kutuonyesha ushahidi wao.

Na tabia hiyo haikuishia kwa babu. Desemba 2013 mjukuu, Kim Jong-un, alimnyonga kisiasa kisha akamuua Jang Song-thaek, mume wa shangazi yake, mtu aliyekuwa kiungo mkuu wa biashara na China. Miongoni mwa mashtaka ilikuwamo kuuza makaa ya mawe na rasilimali nyingine kwa bei ya kutupa, na kukodisha ardhi ya Rason, eneo maalumu la biashara la Korea Kaskazini, kwa nchi ya kigeni. Nchi hiyo haikutajwa jina, na haikuhitaji kutajwa. Kisha Septemba 3, 2017, siku ambayo Xi Jinping, rais wa China, alikuwa mwenyeji wa viongozi wa BRICS, yaani Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, mjini Xiamen, Korea Kaskazini ililipua bomu lake la nyuklia la sita na kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Nyumba zilitikisika mpaka Yanji, ndani ya China. Kibaraka hamtii aibu bwana wake mbele ya wageni namna hiyo.

"China ingeimaliza kwa wiki moja, haijisumbui tu kwa sababu nchi ni maskini."

Kuhusu wiki moja: nchi hiyo ina jeshi la watu zaidi ya milioni moja, na sasa ina silaha za nyuklia. Kombora linaloweza kufika Tokyo linaweza kufika Beijing pia. Hilo peke yake lingetosha kumfanya jenerali yeyote apunguze maneno.

Kuhusu umaskini: chini ya ardhi hiyo kuna makaa ya mawe, chuma na madini mengine mengi. China iliyanunua kwa miaka, hadi vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 2017 vilipopiga marufuku uuzaji wa makaa hayo. Mnunuzi hahitaji kuimiliki nyumba ya muuzaji.

Lakini kiini cha jambo hakiko kwenye nguvu wala mali. Kiko kwenye lile daraja lililokatika. Mwishoni mwa 1950 majeshi yaliyoongozwa na Marekani, chini ya Douglas MacArthur, yalikuwa yakipanda kuelekea Yalu. Jamhuri ya Watu wa China ilikuwa na umri wa mwaka mmoja, maskini, imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo Mao alivusha majeshi mwezi Oktoba, kwa sababu hakutaka kuamka asubuhi akakuta kambi za Marekani zinatazamana na viwanda vyake vya kaskazini mashariki. Takwimu rasmi za China zinataja askari wake 197,653 waliokufa katika vita hivyo. Mmoja wao ni Mao Anying, mtoto wa kwanza wa Mao, aliyezikwa hukohuko Korea. Wachina wana msemo wa kale kuhusu majirani wa namna hii: midomo ikiondoka, meno hupata baridi. Korea Kaskazini ndiyo midomo.

Sasa fikiria China imeichukua nchi hiyo. Mpaka wa China unashuka kutoka Yalu hadi kwenye ukanda usio na majeshi unaozitenga Korea mbili, ule uliochorwa na mkataba wa kusitisha mapigano wa Julai 27, 1953. Ng'ambo ya ukanda huo kuna jeshi la Korea Kusini na askari wa Marekani wapatao 28,500. Kinga ukiifanya sehemu ya nyumba yako, si kinga tena, imekuwa ukuta wa nje. Beijing ingekuwa imetumia damu na fedha kulisogelea jeshi lilelile ambalo mwaka 1950 ilimwaga damu ili likae mbali. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Tunadhani China inaiacha Korea Kaskazini licha ya thamani yake, ilhali thamani yake kwa China inatokana na kuwa nchi nyingine.

"Kinachoizuia ni mkataba wa urafiki."

Mkataba upo. Ulitiwa saini Julai 11, 1961, huongezwa muda kila miaka 20, na mara ya mwisho uliongezwa 2021. Unaitaka China iisaidie Korea Kaskazini ikishambuliwa, na China haina mkataba mwingine wa aina hiyo na nchi yoyote. Lakini mataifa makubwa yamevunja mikataba mingi yalipoona faida, kwa hiyo tusiipe karatasi hii sifa isiyo yake.

Kinachouma zaidi ni sheria na majirani. Korea Kaskazini ni mwanachama wa Umoja wa Mataifa tangu Septemba 1991, ilipoingia siku moja na Korea Kusini. China imejijengea jina kwa kuhubiri kanuni tano za kuishi kwa amani tangu miaka ya 1950, mojawapo ikiwa kutoingilia mambo ya ndani ya wengine, na ndiyo lugha inayotumia kila inapotajwa Taiwan, kisiwa inachokihesabu kuwa chake. Kisha kuna Seoul. Katiba ya Korea Kusini inatamka kwamba ardhi ya taifa ni rasi yote ya Korea pamoja na visiwa vyake. Kwa mtazamo huo, anayeitwaa Pyongyang ameitwaa ardhi ya Wakorea wote. Uhusiano ulioanzishwa Agosti 1992, pamoja na biashara kubwa iliyokua juu yake, ungevunjika siku hiyo. Korea Kusini na Japani zingejiegemeza kwa Marekani kuliko wakati wowote, na hoja ya kutafuta silaha zao za nyuklia ingekuwa ngumu kuipinga.

"Zamani ilikuwa sehemu ya China, watu ni walewale."

Sivyo. Kikorea na Kichina ni lugha za asili tofauti kabisa. Watawala wa Korea kwa karne nyingi walipeleka kodi na zawadi kwa wafalme wa China, lakini waliitawala nchi yao wenyewe. Na waliojaribu kuimeza kwa nguvu waliacha somo. Nasaba ya Sui ya China ilipeleka jeshi kubwa dhidi ya Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, mwaka 612, likaangamizwa kwenye Mto Salsu. Ilijaribu tena na tena, ikachoka, na kufikia mwaka 618 nasaba yenyewe ilikuwa imeanguka. Ufalme huohuo ndio uliozua ugomvi mkali mwaka 2004, wasomi wa China walipouelezea kama sehemu ya historia ya China. Wakorea wa pande zote mbili walikasirika. Kama sentensi za wanahistoria ziliwasha moto kiasi hicho, vifaru vingefanya nini?

Hawa ni watu walioishi chini ya Japani kuanzia 1910 hadi 1945, wakazuiwa lugha yao na kulazimishwa majina ya kigeni. Ndani ya China kwenyewe wapo raia wenye asili ya Korea wapatao milioni 1.7, sehemu kubwa yao wakiwa Yanbian, mkoa unaojitawala kiasi, mpakani kabisa. Kuongeza milioni 26 waliolelewa kwa vizazi vitatu juu ya Juche, itikadi ya kujitegemea na kutomwinamia mgeni, ni mzigo ambao sioni mtawala wa Beijing akiuomba.

"Basi ifunge tu bomba la mafuta, utawala uanguke wenyewe."

Hapa kuna punje ya ukweli. Bomba lipo, linatoka upande wa Dandong, na China ikilifunga maumivu yatakuwa makubwa. Lakini China inaogopa kuanguka kwa Pyongyang kuliko inavyochukizwa na vituko vyake. Mpaka wao una urefu wa kilomita zipatazo 1,400. Mto Tumen sehemu nyingine ni mwembamba, na wakati wa baridi huganda mtu akavuka kwa miguu. Utawala ukianguka, watu wenye njaa watavuka, silaha za nyuklia zitabaki bila mwenyewe anayejulikana, na Korea moja rafiki wa Marekani inaweza kuzaliwa papo hapo Yalu. Ndiyo maana China iliunga mkono maazimio ya vikwazo ya Baraza la Usalama kuanzia 2006 hadi 2017, lakini ikijitahidi kila mara yasikate roho, kisha Mei 2022 ikapiga kura ya turufu pamoja na Urusi kuzuia azimio jipya. Na tangu Putin alipotia saini mkataba wa kulindana mjini Pyongyang Juni 2024, Kim ana mlango wa pili wa kubisha.

Kuna jambo ambalo mijadala hii huliruka, nami siwezi kuliruka. Tunazungumzia midomo na meno, kinga na ukuta, kana kwamba kati ya Yalu na ule ukanda hakuna mtu. Njaa ya miaka ya 1990 iliua watu kwa mamia ya maelfu, na waliovuka mito kutafuta chakula walikuta China inawaita wahamiaji haramu. Iliingia kwenye mkataba wa wakimbizi mwaka 1982, lakini inawarudisha wanaokamatwa, kwa makubaliano ya mpakani iliyofunga na Pyongyang mwaka 1986, nayo inajua kinachowangoja ni kambi na vipigo. Utulivu wa jirani unalindwa kwa migongo yao. Wengi wa waliofanikiwa kufika Korea Kusini ni wanawake, na karibu wote walipitia China wakijificha. Mwaka 2019 walifika zaidi ya 1,000. Januari 2020 Korea Kaskazini ilifunga mipaka yake kwa sababu ya korona, ikaongeza nyaya na walinzi kando ya mito. Mwaka 2021 walifika 63.