Si Lenin aliyemng'oa Tsar

Filamu bubu ya Tempest (1928), ambamo John Barrymore ni askari wa ukoo wa wakulima anayempenda binti wa jenerali, inaonyesha mapinduzi ya Urusi kama tufani moja. Wengi huamini hivyo: Lenin, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Wabolsheviki, alikuja, na Tsar, yaani mfalme wa Urusi, akaanguka. Sivyo kabisa. Machi 1917 wanawake wa Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo, na hao ndio wanaostahili kutajwa kwanza, waliingia mitaani kudai mkate. Wafanyakazi wakagoma, na hatimaye hata askari waliotumwa kuwazima wakaasi na kujiunga nao. Tarehe 15 Tsar Nicholas wa Pili akajiuzulu. Lenin wakati huo alikuwa uhamishoni Uswisi, akarejea Aprili. Waliopinduliwa na Wabolsheviki Novemba walikuwa Serikali ya Muda ya Kerensky, iliyoshika madaraka baada ya Tsar.