Je, wajua kwa nini filamu ya tamasha hufika sinema ikiwa picha 129,600?

Watengenezaji wengi wa filamu za kujitegemea wanaamini skrini kubwa haikubali chini ya 4K, kiwango cha juu cha ukali wa picha, basi wanakodi kamera ya bei mbaya na kujaza diski bila sababu. Kiwango cha msingi cha sinema za kidijitali ni 2K, yaani pikseli (vidoto vinavyounda picha) 2048 kwa 1080. HD kamili, ile ya runinga ya sebuleni, ina 1920 kwa 1080. Filamu yenye umbo la 1.85, yaani upana mara 1.85 ya kimo, hupewa upana wa 1998 tu. Ukuta mzima wa sinema, na ziada ni pikseli 78! Hata ukipeleka 4K, projekta ya 2K itachota humohumo toleo la 2K na kuliacha lingine.

Tofauti iko katika kuhifadhi. Sinema hupokea DCP, folda ya mafaili iliyopangwa kwa utaratibu ambao studio za Hollywood zilitoa mwaka 2005. MP4 ya simu ni kama mtangazaji wa mpira redioni: anaeleza timu zilivyojipanga, kisha anataja kinachobadilika tu. Kapokea winga, kapiga krosi, kipa katoka. Ukikosa sentensi mbili hujui mpira uko wapi. Ndiyo maana video yenye hitilafu ndogo huchafuka kwa sekunde kadhaa. DCP haisimulii mabadiliko. Kila fremu ni picha kamili, imebanwa peke yake, isiyozidi MB 1.3 hivi. Fremu 24 kwa sekunde, dakika 90: ndizo hizo 129,600. Kinadharia, ikiharibika moja, zilizobaki ziko salama. Kwa vitendo, seva hukagua mafaili yanapoingizwa na inaweza kukataa folda nzima.

DCP-o-matic, programu ya bure, hufanya kazi hii kwenye kompyuta ya kawaida. Isichoweza kuokoa ni giza. Mwanga wa skrini ya sinema hupangwa kuwa niti 48 (niti ni kipimo cha mwanga wa skrini), ilhali laptopu nyingi hufika 300. Tukio la usiku lililopakwa rangi kwenye laptopu iliyowashwa mwanga wote huenda likabakiza macho na meno.

Kuna pia suala la fremu 25 kwa sekunde, mazoea ya runinga huku kwetu. Ukizipunguza kasi hadi 24, dakika 90 zinakuwa 93 na sekunde 45, na sauti za waigizaji zinakuwa nzito kidogo zisiporekebishwa. DCP za mfumo mpya hukubali 25, ila ukumbi uulizwe kwanza. Matamasha mengine, hasa madogo, yatakwambia ulete MP4 tu.