Ngitili haipandwi

Mara ya tatu mwaka huu nimekaa kwenye mkutano wa mazingira nikamsikia mtu akiahidi kwamba watapanda ngitili ya ekari kumi. Mara mbili za kwanza nilinyamaza.

Ngitili ni neno la Kisukuma: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie, nyasi zikue, lifunguliwe kiangazi kikikolea. Wengine huandika ngitiri. Kwa hilo sigombani na mtu.

Ninachogombania ni hii tabia ya kuifanya msitu, au hifadhi yenye jina la kienyeji. Hifadhi hufungwa ibaki imefungwa. Ngitili hufungwa ili iliwe. Julai au Agosti, malisho ya nje yakishakwisha, huingizwa ndama, ng'ombe wazee, wagonjwa na maksai wa kulimia, yaani wale wasioweza kufuata kundi mbali. Tena haifunguliwi yote kwa mpigo; kinaliwa kipande, kikiisha ndipo kingine.

Kazi yenyewe hufanyika ile miezi ya kufungwa. Nyasi zinazoliwa kila zikichipua hula akiba ya mizizi yake. Akiba ikiisha mizizi hufa, udongo hubaki uchi, mvua huupiga hadi ukawa kama sakafu, na maji huteleza juu yake. Zikipumzishwa msimu mzima, mizizi hushiba na mbegu huanguka.

Shinyanga walilipa gharama ya kulisahau hilo. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa kufukuza mbung'o, pamba ikala ardhi, kisha miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na ngitili zao. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishapita 300,000. Ni kweli mradi ule uligawa miche pia, na nadhani picha za miche ndizo zilizoliharibu neno. Lakini miti mingi ya kwenye ngitili ilichipua yenyewe, kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai chini ya ardhi ikisubiri shoka na ng'ombe wapungue.

Ndugu yangu wa ekari kumi nia yake ni njema, abadili kitenzi tu: ngitili hutengwa. Akishaitenga, awaulize wenye ng'ombe wa hapo itafunguliwa mwezi gani.