Je, Wajua Kwa Nini Doa Lingine Huzidi Baada ya Kufua?

Mtoto akila wali kwa mchuzi wenye manjano, kile kiungo cha unga wa njano, fulana nayo hula. Hilo kila mzazi amelizoea. Ajabu huanzia kwenye beseni: ukipaka sabuni ya mche na kufikicha, doa lililokuwa la njano linageuka jekundu mbele ya macho yako. Hapo wengi hudhani nguo imeharibika, wakakimbilia jiki.

Nguo haijaharibika. Rangi ya manjano hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, nayo hubadilika kufuatana na kimiminika inachokutana nacho. Kwenye asidi, au kwenye maji ya kawaida, ni ya njano. Kwenye besi, yaani kinyume cha asidi, huwa nyekundu. Sabuni ya mche hupikwa kwa mafuta na kostiki, kwa hiyo povu lake ni besi. Suuza nguo vizuri, au ikamulie ndimu kidogo, utaona njano inarudi. Sifa hiyo ni ya kutegemewa kiasi kwamba karatasi iliyochovywa kwenye manjano na kukaushwa hutumika katika kemia kutambua besi.

Kazi kubwa ni kuiondoa njano yenyewe. Kurkumini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, ila kwenye mafuta inayeyuka. Ndiyo maana ndoo baada ya ndoo ya maji matupu haiifanyi kitu. Anza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ipake juu ya doa nguo ikiwa kavu, iache ishike mafuta ya mchuzi au tui, kisha fua na kusuuza. Rangi itakayobaki, liachie jua. Kurkumini huvunjikavunjika inapopigwa na mwanga, na hili ni jambo zuri mno kwetu tunaoishi chini ya jua la kutosha. Anika nguo ikiwa bado mbichi, doa lielekee juu. Likififia bila kwisha, lowesha tena na urudishe kambani. Ikiwa nguo yenyewe ni ya rangi ya kukolea, usiiache siku nyingi, maana jua halichagui rangi ya kufifisha.

Doa linalowaonea watoto kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la utomvu wa mgomba. Bukoba, Rungwe, Moshi na ng'ambo kule Uganda, watoto hucheza migombani: wanakata majani ya kujikinga mvua, wanasuka mipira kwa magome makavu. Utomvu ukidondoka kwenye shati, ni majimaji tu ambayo hayaonekani sana. Kesho yake shati lina mabaka ya kahawia, wakati mwingine meusi. Mtoto anaulizwa alijipaka nini jana, hana jibu, pengine anachapwa. Na kweli hana kosa, kwa sababu jana doa halikuwapo.

Linatokea wapi? Utomvu huo una kemikali za jamii ya fenoli, pamoja na kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili cha mabadiliko ya kikemia, kinachoziunganisha na oksijeni ya hewani. Zikiungana, hugeuka kuwa rangi ya kahawia inayong'ang'ania nyuzi za pamba. Ni mabadiliko yaleyale yanayolifanya biringanya lililokatwa liwe jeusi, na ganda la ndizi nalo. Kwa hiyo muda ndio unaoamua. Utomvu ukioshwa palepale, kabla hewa haijaufanyia kazi, mwingi hutoka. Kama maji yako mbali, kipande cha ndimu au limau kinasaidia kuchelewesha, kwa kuwa asidi hukizuia kimeng'enya. Doa likishakuwa la kahawia, kwenye pamba nyeupe unaweza kuloweka kwa unga wa kung'arishia unaotoa oksijeni, katika maji ya moto, na kurudia. Litafifia. Kwenye shati la rangi, la zamani halitoki lote, na kulisugua kwa brashi kunatoboa kitambaa tu.

Utomvu wa fenesi ni habari nyingine. Huo ni wa kunata kama ulimbo, na wauza mafenesi hujipaka mafuta ya kula mikononi kabla ya kupasua. Nguo ifanyiwe vivyo hivyo: mafuta kwanza yailegeze ile gundi, kisha sabuni ya kuoshea vyombo iondoe mafuta.

Damu na maziwa huharibiwa na haraka ya aina nyingine, nayo ni maji ya moto. Madoa haya yana protini, na protini ikipata joto huganda kama yai linavyoganda kwenye sufuria, ila safari hii imegandia ndani ya nyuzi. Goti lililochubuka, pua iliyotoka damu, maziwa ambayo mtoto mchanga ameyacheua: yote yaanze na maji baridi. Kama doa limekauka, loweka kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, katika maji ya uvuguvugu, kwa saa kadhaa. Vimeng'enya hivyo huikata protini vipande vidogo vinavyoweza kuondoka na maji. Wazo lilianza na mkemia wa Ujerumani, Otto Röhm, aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1913 ya kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Vinahitaji muda kuliko nguvu, na maji yanayochemka huviua. Sufu na hariri usizilowekee humo, kwani zenyewe ni protini.

Kisha kuna udongo mwekundu, adui wa soksi nyeupe za shule. Wekundu wake ni chuma kilichoshika oksijeni, yaani ndugu wa kutu. Acha tope likauke, kung'uta, piga brashi, ndipo uingize majini, maana tope bichi likisuguliwa huzama ndani. Kivuli cha rangi kinachobaki hulegea kwa ndimu na chumvi. Jiki hapa haisaidii, kwani hufanya kazi kwa kuoksidisha, na chuma hiki kimeshaoksidika. Ikikutana na kutu, hata hulifanya doa lishike zaidi.

Na kwa kuwa nimetaja ndimu na jiki katika kazi moja, naomba hili lizingatiwe nyumbani kote: visikutane kwenye beseni moja. Jiki ikichanganyika na ndimu au siki hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Ikimwagwa kwenye nepi zilizolowa mkojo, hutoa gesi nyingine za sumu kutokana na amonia iliyomo. Suuza nepi kwa maji mengi kwanza, fungua mlango na madirisha, na mtoto asiwe karibu unapoitumia. Pasi nayo isubiri. Kagua nguo ikiwa bado mbichi, kwenye mwanga wa nje, na kama alama ipo, rudia hatua zake kabla ya kuipa joto lolote.