Rangi za terminali zinazogoma kwenye Linux: dhana potofu na ukweli

Anayeshinda kutwa mbele ya terminali, dirisha la kuandikia amri, ana haki ya kuchagua sura yake: herufi zisizoumiza macho, rangi anazozizoea. Ndiyo maana inaudhi pale eneokazi la GNOME, KDE au Xfce linapoonekana kuupuuza uchaguzi huo. Mara nyingi halijapuuza chochote. Mipangilio imeandikwa pahali ambapo terminali haisomi.

Dhana: Sura yote ya terminali hupangwa kwenye ~/.bashrc.

Faili hilo ni la bash, programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika, na bash haichori dirisha. Kazi yake ni kuomba: neno hili liwe rangi namba 4, yaani bluu. Bluu iliyokolea au iliyopauka, hilo huamuliwa na terminali kwa palete yake ya rangi 16. Fonti na ukubwa wa herufi navyo ni vya terminali. Kwa hiyo ukihangaika na PS1 (mpangilio wa bash wa maandishi yanayotangulia amri) huku bluu ikiendelea kutosomeka juu ya weusi, ukaguzi wako uelekee kwenye palete. Kihariri cha Vim kilichowashiwa chaguo la termguicolors ni habari nyingine: hutaja rangi kamili yenyewe, palete haihusiki.

Dhana: ~/.Xresources hutawala terminali zote.

Faili hilo la mipangilio husomwa na terminali za xterm na urxvt. GNOME Terminal, Konsole ya KDE na terminali ya Xfce hazina habari nalo. GNOME Terminal huweka wasifu wake (seti ya mipangilio) ndani ya dconf, hifadhi ya mipangilio ya GNOME, chini ya /org/gnome/terminal/legacy/profiles:/, kila wasifu na UUID yake, yaani kitambulisho cha kipekee. Konsole hutumia mafaili yaliyomo ~/.local/share/konsole.

Terminali ya Xfce ndiyo inayosumbua zaidi, nami naona lawama ni za miongozo iliyopitwa na wakati. Kwa miaka mingi mipangilio ilikaa kwenye faili la terminalrc, lakini kuanzia toleo la 1.1.0 la terminali hiyo ilihamia xfconf, hifadhi ya mipangilio ya Xfce. Anayefuata maelekezo ya zamani anahariri faili ambalo halitazamwi tena, wala hapati onyo lolote.

Dhana: Mandhari ya eneokazi hufuta rangi zako.

Haifuti. Katika wasifu wa GNOME Terminal kuna kisanduku cha kutumia rangi za mandhari ya mfumo. Kikiwa na alama, rangi zako zimo ila hazitumiki. Ondoa alama hiyo, au fanya ufunguo use-theme-colors uwe false. Fonti ina ufunguo wake pia: use-system-font.

Dhana: Ikikataa, ilazimishe kwa sudo.

Ukiendesha gsettings (amri ya kubadilisha mipangilio ya GNOME) kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, unabadilisha mipangilio ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo. Yako inabaki vilevile. Amri hiyo iendeshe kwa jina lako, ndani ya kikao chako.

Dhana: Terminali ni ileile, hata baada ya kusakinisha mfumo upya.

Fedora Workstation 41, iliyotoka 2024, iliiweka terminali ya Ptyxis pahali pa GNOME Terminal. Hiyo ni programu tofauti yenye hifadhi yake, hivyo wasifu wa zamani hauingii humo. Kwenye Debian, tazama kwanza `update-alternatives --display x-terminal-emulator` ujue ni terminali ipi imewekwa kuwa chaguo la mfumo.

Kama unabaki na GNOME Terminal, hifadhi wasifu wako kabla ya kuhama:

`dconf dump /org/gnome/terminal/legacy/profiles:/ > wasifu.dconf`

Kwenye mashine mpya, urudishe:

`dconf load /org/gnome/terminal/legacy/profiles:/ < wasifu.dconf`