Meditesheni sio kufuta kichwa: uongo tunaolishwa kuhusu kutulia

Siku hizi ukifungua simu tu unakutana na mtu anakufundisha kutulia. Kakunja miguu, kafumba macho, mziki laini unapiga kwa nyuma, na chini kaandika ondoa mawazo yote, fanya siku 21 utaona maajabu. Mi sina ugomvi na mazoezi yenyewe, mengi yanasaidia kweli na yamepimwa, ugomvi wangu ni vile vipimo wanavyowapa watu, maana mtu anajaribu siku mbili tatu, anajipima kwa kipimo kibovu, anajiona kafeli, anaacha, halafu anabaki kusema mambo yale si ya watu kama sisi. Kumbe alikuwa anafanya sawasawa tu.

"Kutulia ni kuondoa mawazo yote kichwani"

Hii ndo baba lao. Mtu anakaa, anafumba macho, hata dakika haijaisha akili ishaenda kwenye deni, ikapita kwenye meseji ambayo hajajibu, ikaishia kwenye maneno aliyoambiwa na bosi juzi. Akishtuka anajilaumu, anarudi, inatoka tena, basi anahitimisha kwamba kichwa chake kina shida.

Hakina shida, ndo kichwa cha binadamu kilivyo. Mwaka 2010 wanasaikolojia wawili wa Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti wa watu wazima 2,250 waliokuwa wanaulizwa kupitia simu zao, ghafla tu katikati ya shughuli, saa hii unafanya nini na akili iko wapi. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, akili haikuwepo kwenye kile walichokuwa wanafanya. Yaani karibu nusu ya muda wao wa kuwa macho watu hawapo! Na kwa ujumla akili ikiwa imetoka furaha nayo ilikuwa chini, hata pale ambapo shughuli yenyewe haikuwa ya kufurahisha.

Sasa we ukijaribu kulifuta wazo kwa nguvu ndo unalipa nguvu. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walilionyesha hili mwaka 1987 kwa jaribio la kuchekesha kidogo, waliwaambia watu kwa dakika tano wasimuwaze dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zikapigwa. Na baadae waliporuhusiwa kumuwaza, wale waliokatazwa mwanzo walimuwaza zaidi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukitaka jaribu hapo ulipo, jikataze kuuwaza huo mkopo wako uone.

Zoezi lenyewe ni hivi. Unachagua kitu kimoja cha kushikilia, wengi wanatumia pumzi kwa sababu huendi popote bila hiyo. Unaisikia hewa ikiingia puani ina ubaridi kidogo, ikitoka ina uvuguvugu, tumbo linajaa linashuka. Akili itatoka, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ile sekunde unayogundua "ah, nishaondoka", hapo ndo zoezi lilipo, unarudi kwenye pumzi bila kujisema vibaya, basi. Dakika tano ambazo akili imetoka mara ishirini ukairudisha mara ishirini umezifanyia kazi kuliko dakika tano za kukaa umetulia ukijiwazia mambo mazuri mazuri bila hata kujua kwamba umeondoka.

"Sina muda, na kwangu kuna kelele"

Hakuna aliyesema lazima iwe saa nzima. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu walifanya zoezi dakika tano tu kwa siku kwa mwezi mmoja, wengine aina tofauti za kupumua, wengine meditesheni ya kawaida. Makundi yote mudi ilipanda na wasiwasi ulishuka, ila kwenye mudi walioongoza ni wale wa pumzi ya kushusha: unavuta kwa pua, kabla hujatoa unaongeza kavuto kengine kadogo juu yake, halafu unaiachia yote taratibu kwa mdomo.

Kelele nazo si adui. Mtoto analia, jirani anagonga misumari, hizo ni sauti tu, unaweza kuzitumia sauti zenyewe kama kitu cha kushikilia badala ya pumzi. Na kama hata dakika tano za kukaa huna, unavyo vyombo vya kuosha. Osha kimoja kimoja simu ikiwa chumba kingine, sikia maji yalivyo ya moto au ya baridi mkononi, sahani inavyoanza kuteleza utelezi wa mafuta halafu inakuja kulia kwirikwiri ikishatakata, ukijikuta umeanza kugombana kichwani na mtu ambaye hata hayupo, rudi kwenye sahani. Vyombo vingekuwa vinaoshwa hata hivyo, hujapoteza muda wa mtu.

"Ukipaniki vuta pumzi ndeeefu"

Huu ni nusu ukweli, na nusu iliyokosekana ndo inayofanya kazi. Ukivuta hewa ndani moyo unaongeza mwendo kidogo, ukiitoa unapunguza, hiyo ni kazi ya neva inayoitwa vagus inayotoka kwenye ubongo kushuka hadi kwenye moyo na tumbo. Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, pumua taratibu, wengine wanausikia kabisa unabadilika. Kwahiyo cha kurefusha ni kutoa. Vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita au nane, rudia kwa dakika mbili tatu.

Mtu aliyepaniki ukimwambia "vuta, vuta, vuta" anavuta pumzi kubwa za haraka haraka, anatoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, mishipa ya damu ya kwenye ubongo inabana, anaanza kizunguzungu, midomo na vidole vinafanya ganzi, na hapo anaamini kabisa kwamba ndo anakufa. Mwambie atoe. Aitoe polepole kama anapuliza chai asije akaungua, na yenyewe itaingia. Ukiona unapata kizunguzungu kwenye zoezi lolote la kupumua, acha, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida, hakuna tuzo ya kuvumilia.

"Hasira usikae nayo, piga hata mto"

Inaonekana ina mantiki eti, unafungulia mvuke. Mwanasaikolojia Brad Bushman alilipima hili, matokeo yalichapishwa 2002. Wanafunzi wa chuo walikasirishwa makusudi, insha zao zilipewa maoni ya kashfa, halafu baadhi wakapewa mfuko wa kupiga ngumi huku wakimuwaza aliyewakosoa. Hao ndo walitoka na hasira kubwa zaidi, na waliotulia zaidi ni waliokaa kimya tu hawafanyi kitu. Kupiga mto huku unamuwaza mbaya wako ni kufanya mazoezi ya kukasirika, ndo ukweli.

Kukaa nayo kimya huku umeibana pia siungi mkono. Kinachosaidia ni kitu kidogo ambacho watu wanakidharau, kuitaja kwa jina lake. Matthew Lieberman na timu yake pale UCLA, 2007, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia huku wakiwapima ubongo kwa mashine, na pale walipotakiwa kuchagua neno la hisia ile, sehemu inayoitwa amigdala, inayohusika sana na hofu na kengele za hatari, ilipunguza shughuli. Ila usiishie kwenye "nina stresi", stresi ni gunia, kila kitu kinaingia humo. Chimba. "Nimeaibika mbele ya watu." "Naogopa kodi itafika sina." "Nina wivu, na naona aibu kwamba nina wivu." Hiyo ya tatu watu hawaisemi, ndo maana inawatafuna. Iandike kwenye karatasi kama hutaki mtu aisikie, ukimaliza chana.

"Siku 21 tu inakuwa tabia"

Chanzo chake ni daktari mmoja wa upasuaji wa plastiki, Maxwell Maltz, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Angalau. Kuzoea pua mpya! Watu wakalibeba wakalipeleka kwenye kila kitu, lile neno angalau likadondokea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 wanaojenga tabia mpya, utafiti uliochapishwa 2010, wastani ulitoka siku 66, na tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia 18 mpaka makadirio ya 254. Kwahiyo siku ya 22 bado unajilazimisha? Kawaida kabisa. Na waliona kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana, kwahiyo ile ya "nishavunja mnyororo acha niache tu" ni kisingizio chetu wenyewe. Libandike zoezi kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, ukimaliza kupiga mswaki unakaa dakika tano, usitegemee kukumbuka.

"Ni mambo ya dini fulani"

Mizizi ya mazoezi mengi ya aina hii iko kwenye Ubudha, hilo hakuna haja ya kulificha. Lakini yale yanayofundishwa mahospitalini yametokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha kliniki ya kupunguza stresi kwenye chuo kikuu cha tiba cha Massachusetts mwaka 1979 kwa ajili ya wagonjwa wa maumivu sugu, na kule hakuna sala wala sanamu. Kusikiliza pumzi yako hakukutoi kwenye imani yako. Anayeswali au kusali kwa utulivu naye yuko jirani sana na hiki kitu.

"Kujitunza ni kujidekeza"

Hapa pana makosa mawili yanayopingana. Wengine wanaona ni ubinafsi, hasa anayelea watoto au anauguza mtu, anaona akikaa robo saa peke yake kaiba muda wa wenzie. Wengine ndo wameuziwa, kwao kujitunza ni mishumaa yenye harufu, barakoa ya uso na kujipongeza kwa vitu. Mishumaa haina kosa, washa. Ila vitu vinavyobeba mwili na akili havina picha nzuri ya kupost: usingizi, kutembea, na kusema "hapana, wiki hii siwezi".

Mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi. Kafeini nusu yake inachukua kama saa tano kutoka mwilini, japo watu wanatofautiana, kwahiyo kahawa ya saa kumi jioni nusu yake bado unayo saa tatu usiku, halafu unajiuliza kwanini mawazo yanakimbia ukilala. Pombe inakupa usingizi haraka kweli, ila inakuja kuukatakata nusu ya pili ya usiku, unaamka umechoka kama hukulala. Kutembea, shirika la afya duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ukigawa hizo 150 ni nusu saa siku tano. Na kuskroli saa mbili kitandani wengi tunakuita kupumzika, mi nasema jiangalie tu ukishaweka simu chini, umetulia au umechoka zaidi? Jibu unalo.

"Inatibu kila kitu, dawa za nini"

Hii ndo inayonitisha. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2014, uliokusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500, uliona programu za meditesheni zinapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo mpaka cha wastani, ila haukuona ushahidi kwamba zinazidi dawa au mazoezi ya mwili. Mwaka 2022 kuna jaribio lililoonyesha kozi ya meditesheni ya wiki nane ilikaribiana na dawa ya escitalopram kwa watu wenye magonjwa ya wasiwasi, na watu wameishika hiyo kama bendera. Soma ilikuwa kozi gani: darasa la saa mbili na nusu kila wiki, zoezi la nyumbani dakika 45 kila siku, na siku moja nzima ya mafunzo. Klipu ya dakika tatu haimo humo. Kama unatumia dawa usiziache kwa sababu ya video, nenda kaongee na aliyekuandikia.

Alafu kuna watu inawageuka. Aliyepitia jambo zito, ajali, kubakwa, vita, akifumba macho na kuingia ndani ya mwili wake anaweza kukutana na lile lile analolikimbia, mapigo yanapanda badala ya kushuka. Huyo hajakosea. Afungue macho, ashike kitu cha nje, miguu ilivyokanyaga sakafu, vitu vitano anavyoviona chumbani, au aache kabisa akafanye na mtaalamu.

Na kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu imekaa wiki mbili na zaidi, usingizi umevurugika, kula kumebadilika, kazi haziendi, hiyo imevuka mambo ya dakika tano za pumzi, ni ya kumuona daktari. Mawazo ya kujiumiza yakianza usikae nayo peke yako umefumba macho, mwambie mtu mmoja leo hii hii akusindikize hospitali.